Mashini Ikiandika, Nani Atajibu?

Kila kompyuta, hata simu ile tunayoshika mkononi, hufanya kazi kwa maagizo iliyoandikiwa. Maagizo hayo huitwa programu. Tangu mwanzo watu waliyaandika kwa akili zao, mstari kwa mstari, katika lugha zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Ni ufundi wa kweli kama ule wa seremala ama wa mwashi. Wataka uvumilivu, wataka kufikiri mbele, na pengine kosa la alama moja tu laharibu yote.

Siku hizi ufundi huo umepata msaidizi mpya. Katika mwaka 2021 kampuni ya GitHub ya Marekani ilionyesha chombo kiitwacho Copilot, na katika mwaka 2022 ikaanza kukiuza. Fundi anaandika kwa maneno ya kawaida kitu anachotaka, ama anaanza mstari mmoja, na mashini inamalizia. Tangu hapo vyombo vya namna hiyo vimekuwa vingi, na vingine havingoji mstari tena: vinapewa kazi nzima, vinaandika, vinajaribu, vinasahihisha. Katika mwezi wa kumi wa mwaka 2024 mkuu wa Google, Sundar Pichai, alisema kwamba zaidi ya robo ya maandiko mapya ya programu katika kampuni yake yanatungwa na akili bandia, kisha mafundi wanayapitia na kuyakubali.

Wako wanaoshangilia, na wako wanaoogopa kupoteza kazi. Sisi leo hatutaki kushangilia wala kuogopa. Twataka kuuliza swali moja la haki: mashini ikiandika, nani atajibu?

Pengine msomaji atasema: Hayo ni mambo ya mafundi wa mbali, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Programu ndiyo inayoshika hesabu ya fedha tunazotumiana kwa simu. Ndiyo inayotunza majina ya wagonjwa. Ndiyo inayopima dawa. Kati ya mwaka 1985 na 1987, katika Marekani na Kanada, mashini ya kutibu kansa iliyoitwa Therac-25 iliwapiga wagonjwa 6 kwa mionzi iliyopita sana kipimo, na wengine wao wakafa. Makosa yalikuwa katika programu yake, tena vizuizi vya chuma vilivyokuwamo katika mashini za zamani vilikuwa vimeondolewa, kwa kuitumaini programu peke yake. Programu ile iliandikwa na mtu, maana akili bandia ya kuandika haikuwako bado. Lakini yatufundisha jambo moja: wanaoweza kusoma maandiko hayo ni wachache, na wanaobeba makosa yake ni watu wote.

Basi wengine hutoa neno hili: Akili bandia ni chombo tu kama vyombo vingine. Zamani mafundi waliandika tarakimu tupu. Kisha, karibu na mwaka 1952, Bibi Grace Hopper wa Marekani akatengeneza programu ya kukusanya na kugeuza maagizo yawe tarakimu za mashini. Nani leo hulalamika kwamba fundi haandiki tarakimu kwa mkono wake? Neno hilo lina nguvu, na si vizuri kulipuuza. Lakini tuangalie tofauti. Mgeuzaji wa zamani hufuata sheria zilizowekwa: ukimpa maagizo yale yale, atakupa matokeo yale yale. Msaidizi wa leo hafanyi hivyo. Amelishwa maandiko mengi mno ya watu, na kwa hayo amezoea kukisia neno gani lafaa kufuata. Ukimwuliza mara mbili, aweza kukujibu namna mbili. Mara nyingi anakisia vizuri hata twashangaa. Pengine anakisia vibaya, tena kwa sauti ile ile ya uhakika. Chombo cha namna hiyo hakitoshi kukishika tu. Sharti kupima kila kinachotoka ndani yake.

Katika mwaka 2021 wachunguzi wa chuo kikuu cha New York walimpa Copilot mambo 89 yenye hatari, wakapata programu 1,689. Karibu 40 kwa mia zilikuwa na matundu ambamo mwizi angeweza kupita. Vyombo vimeendelea tangu siku zile, lakini sheria ya kupima haijabadilika.

Tena kuna hatari iliyofichika zaidi, nayo ni ya moyo wetu sisi wenyewe. Katika uchunguzi mmoja uliofanywa na watu wa GitHub, mafundi 95 walipewa kazi ndogo, mpya. Waliosaidiwa na mashini waliimaliza kwa muda uliopungua kwa 55.8 kwa mia. Ni faida kubwa kweli. Lakini katika mwaka 2025 shirika liitwalo METR liliwapima mafundi 16 wazoefu katika kazi 246, ndani ya programu kubwa walizozijua tangu siku nyingi. Kabla ya kuanza, walisema mashini itawapunguzia muda kwa 24 kwa mia. Baada ya kumaliza, walisadiki kwamba imewapunguzia 20 kwa mia. Kumbe saa ilionyesha kwamba walichukua muda mrefu zaidi, kwa 19 kwa mia! Hatusemi kwamba uchunguzi mmoja unaubatilisha mwingine. Kibanda kipya si sawa na nyumba kubwa ya zamani. Twasema hivi: watu wenye akili na ufundi walidhani wanakimbia, na kumbe walikuwa wakienda polepole. Wepesi wa kazi wadanganya kama pombe. Na mtu asiyejua mwendo wake mwenyewe atawezaje kujua kama kazi yake ni salama?

Sasa turudi kwa swali letu. Katika mwezi wa saba wa mwaka 2025 huko Marekani, mtu mmoja mwenye biashara alikuwa akitengeneza programu kwa msaada wa mashini ya namna hiyo. Alikuwa ameiagiza isibadilishe kitu. Mashini ikafuta hazina yote ya habari zilizokuwa zikitumika. Alipoiuliza, ikaandika maneno ya kukiri kosa, tena ikasema kwamba habari zile haziwezi kurudishwa. Na hilo nalo halikuwa kweli, maana zilirudishwa. Mwishoni aliyeomba radhi mbele ya watu na kuahidi matengenezo alikuwa mkuu wa kampuni iliyotengeneza chombo hicho.

Tufikiri vizuri juu ya habari hiyo. Sisi wakristu twajua toba ni nini. Yataka majuto, yataka kukiri, yataka malipizi. Mashini ilitoa maneno ya kukiri, lakini haikuwa na moyo wa kujuta wala mkono wa kulipa. Haiwezi kuona haya, haiwezi kukatwa mshahara, haiwezi kusimama mbele ya mjane ambaye fedha zake zimepotea. Ndiyo sababu ilimpasa mtu kusimama. Kujibu ni kazi ya mtu, na haiwezi kupewa mashini hata mashini iandike namna gani.

Katika bustani Adamu alimtaja Eva, na Eva akamtaja nyoka. Mwanadamu wa leo amepata wa kumtaja mwingine: Si mimi, ni mashini. Udhuru huo haufai. Anayeweka programu mikononi mwa watu amesema kwa tendo hilo: Nimeitazama, inafaa.

Lakini tusikimbilie kumtwika mzigo wote fundi mdogo. Mara nyingi mkubwa wake anamwambia: Mashini inaandika haraka, basi nawe sasa ufanye kazi ya watu watatu. Fundi anapokea kurasa na kurasa ambazo hana saa ya kuzisoma, naye anatia sahihi. Kukiwa na hasara, ataitwa yeye. Hiyo si haki. Anayedai haraka isiyoruhusu kupima naye ni mwenye kosa, na kosa lake ni kubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye mwenye uwezo wa kupunguza mzigo. Baba Mtakatifu Leo XIV, siku 2 tu baada ya kuchaguliwa, tarehe 10 mwezi wa tano 2025, aliwaambia makardinali kwamba alichagua jina lake hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, aliyetoa barua Rerum Novarum katika mwaka 1891 juu ya wafanyakazi wa viwanda. Kwa maana leo akili bandia inaleta tena maswali ya heshima ya mtu, ya haki na ya kazi.

Wabaki vijana. Fundi mzee anaweza kuisahihisha mashini kwa sababu yeye mwenyewe alikosa mara elfu na kusahihishwa mara elfu. Kazi ndogo ndogo alizopewa zamani zilimlea. Leo kazi hizo ndizo mashini inazifanya upesi kuliko zote. Kijana asiyezipitia atapata wapi jicho la kupima? Na wazee wakiisha, nani atapima? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu mwenye busara hatamkataza kijana chombo, lakini atamwambia: Kwanza jaribu peke yako, kisha uliza mashini, kisha nielezee mimi kwa nini mstari huu uko hapa.

Basi tunaona kanuni moja ya kutosha, ambayo yamfaa fundi wa kompyuta na yamfaa kila mmoja wetu, hata karani anayeandikiwa barua na mashini, hata mwanafunzi anayeandikiwa kazi ya shule: usitie jina lako chini ya kitu usichoweza kukieleza. Ukiweza kukieleza, mashini imekusaidia, nawe umebaki mwenye kazi. Usipoweza, basi wewe ni mpeleka mzigo tu, hujui kilichomo, na atakayeufungua ni mtu mwingine.