Aliyekombolewa Ni wa Nani?

Tuliwapeleka wanafunzi wetu Bagamoyo kulitazama kanisa la misioni. Wasomaji waliokwisha kufika huko wanaijua njia ile ya miembe, na mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872, na kanisa kubwa lililoanzwa mwaka 1910 likamalizika mwaka 1914. Watoto walipenda zaidi mbuyu. Kuna mnyororo uliomezwa na gome lake, hata siku hizi kipande kidogo tu huonekana. Wageni wengi hudhani kuwa ni mnyororo wa watumwa. Sivyo, yasemwa kwamba bibi mmoja wa Kizungu alimfungia punda wake hapo.

Mnarani tuliwaeleza habari za Chuma na Susi na wenzao, waliouchukua mwili wa Livingstone tangu nchi ya Ziwa Bangweulu, alikofia mwaka 1873, hata wakaufikisha hapo Februari 1874. Kisha tukawaambia jinsi misioni ilivyoanza: Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, na miongoni mwa watu wao wa kwanza walikuwamo watoto walionunuliwa sokoni Unguja ili wawekwe huru. Fedha zilichangwa Ulaya, na nyingine zilitolewa na watoto wadogo wa huko.

Hapo mwanafunzi mmoja akainua mkono. “Mwalimu,” akasema, “ikiwa waliwanunua, muuzaji si alipata faida yake, akaenda kutafuta wengine?”

Tulikawia kumjibu, na mpaka leo hatudhani kwamba swali lake ni la utovu wa adabu. Ni kweli, fedha ya mnunuzi mwema na fedha ya mnunuzi mwovu huingia mfuko mmoja. Lakini soko lile lilifungwa mwaka 1873 tu, kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na mtoto aliyesimamishwa pale mwaka 1868 asingeweza kungoja miaka mitano. Mtu akipita mbele yake na fedha mkononi, naye akaenda zake ili asiitie nguvu biashara ile, ataonekana amefuata hesabu nzuri, na mtoto atachukuliwa na mwingine. Kwa hiyo twasema walifanya vema kununua. Twalisema hili kwa moyo mzito, maana hatuna jibu kwa ajili ya yule aliyetekwa baadaye ili kuijaza nafasi iliyoachwa.

Lakini liko swali jingine ambalo kijana hakuliuliza, nasi twaliona kuwa gumu zaidi. Mtoto huyu aliyenunuliwa, baada ya kutoka sokoni alikuwa wa nani? Aliamka kwa kengele, akasali, akajifunza kusoma, akalima mashamba ya misioni. Alipokua aliozwa binti aliyelelewa papo hapo, wakapewa mahali pao katika kijiji cha Wakristo. Wengine walipelekwa bara kuanzisha misioni mpya, kama Mhonda mwaka 1877. Wengi walikaa wakawa wazee wa kanisa, nasi tuliosomeshwa na misioni tu matunda ya kazi yao. Hata hivyo wako walionung’unika juu ya kazi, na wako waliotoroka.

Zamani tulizoea kuwaita hao watoro watu wasio na shukrani. Sasa hatuthubutu. Mapadre walikuwa na hoja yao, na si hoja ndogo: kijana akitoka nje ya kijiji aliweza kukamatwa tena na kuuzwa, kwa maana utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kumlinda kulikuwa wajibu. Lakini mlinzi ndiye aliyekuwa pia bwana wa shamba, na watu wa namna hii, hata wakiwa watakatifu, ni shida kwao kutambua ni wapi ulinzi umekwisha na faida yao imeanza. Mtu aliyelipiwa deni hudaiwa shukrani; kazi yake hadaiwi.

Twasema hivi nasi tukiwa na kosa letu. Tulimlipia ada mtoto wa jirani kwa miaka mitatu, akakaa kwetu, akichota maji na kupalilia mihogo. Alipotuambia kwamba ataka kwenda kujifunza useremala tulikasirika, tukamhesabia yote tuliyomtendea, hata sabuni. Akanyamaza, akafunga mzigo wake.

Mwaka 2018 maelfu ya waumini walikusanyika Bagamoyo kuadhimisha miaka 150 tangu Injili ilipofika pale. Jumapili kanisa hujaa; watoto huimba, mama huleta wagonjwa wao waombewe, na wageni hupiga picha mnara. Siku ile ya safari tuliketi kidogo katika kiti cha nyuma, wanafunzi wakiwa nje wanaushika ule mnyororo wa punda. Barua ya yule seremala ilikuwa mfukoni mwetu, imekwisha kukaa wiki mbili bila jibu. Tulimjibu jioni ile ile.