Racheti Si Mtaimbo

Msimu wa kahawa ulimwendea vizuri kijana mmoja wa Mbinga mjini. Malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yalipoingia benki, alilipa ada ya mdogo wake, akaezeka jiko la mama kwa bati, na kilichobaki akaapa kukitumia kuachana na mafundi. Pikipiki ilikuwa imemchosha: leo cheni, kesho kebo ya klachi, keshokutwa breki, na kila safari fundi hupanga bei kwa kumtazama mteja usoni. Akaona dawa ni kuwa na spana zake mwenyewe.

Nia ilikuwa njema. Mtu mwenye pikipiki, mwenye mashine ya kumenyea kahawa nyumbani, na mwenye shemeji anayeendesha boti ya injini kule Mbamba Bay, ana kila sababu ya kujifunza kufungua na kufunga nati. Mambo yaliharibikia dukani.

Muuzaji alimfungulia sanduku la plastiki. Ndani kulikuwa na spana za racheti, soketi na vikorokoro vingine, pisi zaidi ya mia, kila kimoja kwenye kitundu chake. Akachomoa spana moja, akaipachika kwenye bolti na kuizungusha mbele na nyuma bila kuinyanyua: krrr, krrr, krrr. Kijana akacheka peke yake. Ukutani zilining'inia spana za kawaida zisizong'aa, na bei ya chache kati ya hizo ilitosha kununua sanduku zima. Hakuuliza tena.

Njiani akapita kwenye gereji ya fundi mzee ili amwonyeshe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo umenunua au umeuziwa?"

Mzee akafungua sanduku, akapitisha kidole juu ya namba. "Hizi zilizoandikwa kwa sehemu ni za inchi. Una mashine gani ya inchi wewe?"

"Sina, mzee."

"Basi nusu ya sanduku ni mzigo. Injini za zamani za Lister za mashine za kusaga zina nati za vipimo vya Kiingereza, na hata hizo hazikubali hizi, zina vipimo vyake. Pikipiki yako ni milimita tupu." Akachukua namba 14, akaisogeza polepole sikioni, akairudisha. "Hii ya kuzungushia. Nati iliyogoma usiifungulie kwa hii."

Kijana hakupenda kusahihishwa siku ya furaha yake. "Mzee, mchagua jembe si mkulima."

"Methali hiyo kawaambie akina mama wanaochimba ngoro," mzee akamjibu. "Sisi wanaume tukishafyeka majani na kuyapanga miraba, wao ndio wanaochimba udongo wa katikati na kuyafukia, tena mlimani. Mpe mama yako jembe lenye mpini unaocheza uone atakuambia nini. Methali inamsema mvivu anayetafuta sababu ya kutokulima. Anayelijua jembe lake haimhusu."

Kijana akaaga.

Wiki zilizofuata zilimpa kiburi. Alifungua kava la betri, akakaza vioo, akabadilisha pedi za breki. Nati ndogo zilizofunguliwa karibuni zilimtii zote, na mlio wa racheti ukawa kama wimbo wa uani kwake. Majirani wakaanza kuleta pikipiki zao. Hakutambua kwamba hadi hapo hakuwa amekutana na nati hata moja yenye ubishi.

Alikutana nayo kwenye barabara ya Mbamba Bay. Siku hizi ni lami, kilomita 66 hivi, inayokutoa kwenye baridi ya milima ya Umatengo na kukushusha zaidi ya mita 800 hadi kwenye joto la Ziwa Nyasa. Alitoka alfajiri awahi dagaa, maana wavuvi wa taa hurudi ufukoni asubuhi na mwenye pesa mkononi ndiye anayepimiwa kwanza. Kwenye miteremko cheni ikaanza kupiga kelele. Baadaye ikaanza kuruka meno ya sproketi.

Kazi ya kukaza cheni inajulikana. Unalegeza nati kubwa ya ekseli ya nyuma, unarudisha gurudumu nyuma kwa nati ndogo za pande zote mbili ukifuata alama, halafu unakaza kubwa. Kijana alianza na ndogo kwa sababu ndizo nyepesi. Zikakubali. Akaigeukia kubwa. Ilikuwa imekula vumbi, mvua na kutu tangu pikipiki inunuliwe. Akapachika racheti ya namba yake, akavuta. Haikusogea. Akaenda nyumba ya jirani na barabara kuazima kipande cha bomba, akakivisha kwenye mkono wa spana, akapanda juu yake kwa uzito wake wote.

Ikasikika tak, na spana ikawa nyepesi ghafla. Alidhani nati imelegea. Ngumi yake ilikuwa imeshatua kwenye meno ya sproketi, ngozi ya vifundo imebanduka. Alipoifuta damu na kuitazama spana, pete ilikuwa inazunguka mbele na nyuma bila kushika chochote. Akageuza upande wa flati, ule wenye mdomo wazi. Mdomo ukapanuka na kula pembe mbili za nati. Akaingiza ile ya kurekebisha, ambayo mafundi huiita spana malaya, na hiyo ikamaliza pembe zilizobaki. Sasa alikuwa na pikipiki ambayo haiendi wala haitengenezeki: kubwa imegoma, ndogo zimelegea, cheni inaning'inia.

Alifika Mbamba Bay adhuhuri, pikipiki ikiwa nyuma ya pikapu. Dagaa walikuwa wameshauzwa. Shemeji yake alipokwisha kumpa pole, hakumwachia hivi hivi.

"Shemeji, umefanya kama Wajerumani wa Liuli."

Watu wa pwani hii wanaikumbuka habari hiyo. Agosti 1914, vita vilipoanza Ulaya, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli, wakati huo Wajerumani wakiiita Sphinxhafen, ikifanyiwa matengenezo. Habari za vita zilikuwa hazijawafikia. Tarehe 13 meli ya Waingereza, Gwendolen, ikiongozwa na nahodha Rhoades, ikatokea na kuifyatulia mizinga. Meli isiyo majini haikimbii wala haipigani. Nahodha wa Wissmann akakamatwa.

"Chombo kilichofunguliwa hakina ulinzi," shemeji akasema. "Kabla hujagusa nati ndogo, jaribu ile ngumu. Ikikataa, bado una chombo kinachotembea hadi kwa fundi."

Hilo ni funzo la kwanza, nalo halina gharama hata shilingi. Kwenye kila kazi kuna nati moja inayoamua kama kazi itafanyika. Ianze hiyo.

Fundi wa Mbamba Bay aliidondoshea nati mafuta ya kulegezea kutu, akaigonga kidogo ubavuni kwa nyundo, akaenda kunywa chai. Aliporudi, akaipigilia soketi ya pembe sita juu ya kile kilichobaki cha pembe, akaweka mkono mrefu usio na racheti, akavuta kuelekea kifuani badala ya kusukuma. Nati ikalia, ikaachia. Kilichobaki kilikuwa kununua nati mpya.

Kisha akaichukua racheti iliyokufa, akatoa klipu ya duara kwa ncha ya bisibisi, na kumwaga vilivyomo kwenye kiganja. Kulikuwa na gia nyembamba yenye meno madogo pande zote, springi fupi, na ulimi wa chuma usiozidi punje ya mahindi. Ulimi huo nao una meno machache upande mmoja, nayo yalikuwa yamelala yote, yamesagika hadi kung'aa. Kijana akakitazama kwa muda mrefu kile alichokuwa amekipandia kwa uzito wake wote.

Hapo ndipo penye siri ya racheti. Kwenye ringi ya kawaida, yaani spana ya pete isiyo na racheti, mkono na pete ni chuma kimoja. Hakuna kinachosogea ndani. Kwenye racheti, nguvu yote unayoiweka mkononi hupita kwenye meno machache ya ulimi mdogo kabla ya kuifikia nati. Racheti yenye meno 24 hudai uzungushe mkono digrii 15 ndipo ishike jino jipya. Yenye meno 72 hudai digrii 5 tu. Kwa hiyo ile ya meno 72 hufanya kazi penye nafasi finyu, kati ya injini na fremu, ambapo mkono hauna pa kwenda. Lakini gia ya ukubwa uleule ikigawanywa meno mengi, kila jino huwa dogo. Kiwanda kizuri hufidia hilo kwa chuma bora na ulimi unaoshika meno mengi kwa pamoja. Cha hovyo hukupa mlio mzuri tu.

Bomba nalo lina hesabu yake. Mkono wa spana wa sentimita 20 ukirefushwa kwa bomba hadi sentimita 60, nguvu ileile ya mwili huzidishwa mara 3. Bolti ndogo ya M6, ambayo kichwa chake huwa namba 10, hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 10. Nati ya ekseli ya nyuma mara nyingi huhitaji mara 6 ya hiyo au zaidi, na ikishika kutu huzidi. Kazi ya namna hiyo haikuwahi kuwa ya racheti. Utaratibu wa mafundi ni huu: legeza kwa ringi au soketi ya pembe sita, zungusha kwa racheti, malizia kukaza kwa ringi.

Kuna mtego mwingine ambao kijana aliukwepa kwa bahati tu. Racheti nyingi za bei ya chini hazina kidude cha kugeuzia upande. Ukitaka kurudi, unaichomoa na kuipindua. Sasa fikiria bolti ndefu inayotoka kuelekea fremu. Unazungusha, kichwa kinatoka, spana inatoka nacho, hadi inabanwa kati ya kichwa na fremu. Kuichomoa huwezi, kwa kuwa hakuna nafasi. Kuirudisha bolti ndani huwezi, kwa kuwa racheti inashika upande mmoja tu. Wengi wameishia kuikata spana kwa msumeno. Mahali pa namna hiyo tumia yenye kugeuzia, au iache racheti mapema na umalizie kwa flati.

Basi ukiwa na pesa za kahawa au za samaki, anzia nyumbani. Pima nati za mashine zako na uandike namba. Bolti ya M8 ya Kijapani kwa kawaida ina kichwa namba 12, na ya mtindo wa Ulaya namba 13. Ukivisha 13 kwenye 12, utaila pembe siku ya kwanza. Ukishajua namba zako, huenda ukagundua kwamba unahitaji spana saba au nane.

Nenda dukani na nati na bolti zako mfukoni. Ipachike racheti, uone kama inacheza. Izungushe taratibu: mlio uwe sawa mduara mzima, isiruke popote. Itikise pete juu na chini. Ikichezacheza ikiwa mpya, itakuwaje baada ya mwaka? Maandishi ya Chrome Vanadium yasikulaze usingizi, kwa kuwa yeyote mwenye mhuri anaweza kuyagonga juu ya chuma chochote. Jina la mtengenezaji linalojulikana, namba iliyochongwa wazi, na muuzaji anayekubali kukurudishia vina uzito zaidi. Dai risiti ya EFD. Ukiuziwa bidhaa bandia na kwenda kulalamika Tume ya Ushindani, utakuwa na ushahidi wa ulikonunua.

Nunua kwanza ringi na flati za kawaida, imara, kuanzia namba 8 hadi 19, na moja kubwa ya ekseli yako. Zikitimia, ongeza racheti za namba unazofungua mara nyingi: 8, 10, 12, 13, 14. Zifunge kwenye kitambaa mbali na mchanga wa ziwa na vumbi la barabara, na uzidondoshee mafuta mepesi. Grisi nzito hunata na kuuzuia ulimi usirudi.

Kijana wetu alirudi Mbinga jioni bila dagaa. Sanduku hakulitupa, maana soketi ndogo bado zina kazi, ila kila msimu hununua spana moja ya maana na kuijaribu kwa nati yake mwenyewe mbele ya muuzaji. Wauzaji wengine hununa. Yule anayenuna ukimjaribia spana dukani, mwachie. Afadhali ikuvunjikie mbele yake kuliko ukiwa peke yako kwenye mteremko.