Sakafu Iliyo Chini ya Vigae

Tukitaka kutandika vigae katika banda la gari, kwanza twaitazama sakafu. Zege jipya twaliacha likomae, yapata siku 28; la kale twalisugua hata mafuta yatoke yote, kwa kuwa saruji haishikamani na mafuta. Nyufa twaziziba. Kisha kila kigae twakipaka saruji mgongo wake wote. Kikiachwa na uwazi chini, chapendeza macho, lakini gurudumu likipita juu yake chapasuka. Fundi hukigonga, na kwa mlio hukijua kilicho tupu. Vivyo hivyo Bwana aijua mioyo yetu. Basi tusifunike kinyongo kwa maneno mazuri. Tukisugue kwanza, tupatane na ndugu zetu, kabla mzigo haujatujia.