Sitara ya Sadaka na Orodha ya Mbolea

Ndugu yetu mmoja wa darasa ametuuliza: Wakulima wa Kitale na Bungoma huuziwa na Serikali mbolea ya ruzuku, na wako wasemao kwamba majina ya waliopata, na magunia waliyopata, yabandikwe watu wayasome. Je, huko si kumfedhehi maskini? Na je, sadaka ya siri si bora kuliko ya dhahiri?

Swali ni zuri, na kosa lake limo katika neno moja: sadaka.

Kweli Qur'ani, katika Suratul Baqara, imeisifu sadaka ya dhahiri na ikaifadhilisha ile apewayo fakiri kwa siri. Lakini mtoaji huyo atoa chake. Akificha, hapana aliyepunjika. Mbolea ile si ya waziri wala si ya karani wa ghala. Septemba 2022 ilitangazwa gunia la kilo 50 liuzwe shilingi 3,500, nalo lilikuwa limefika 6,500. Na mwaka 2023 likashushwa hata 2,500. Tafauti ile imelipwa na Hazina, na Hazina ni kodi, ikiwamo ile atozwayo mama wa Mombasa anunuapo sabuni. Basi hapana aliyetoa sadaka hapa. Yupo wakili aliyegawa mali ya watu, na wakili hana siri mbele ya wenye mali. (Wale wetu washikao mali ya wakfu wa misikiti wakiona neno hili lawagusa, basi ni kweli lawagusa.)

Sayyidna Umar (R.A.), mali ya umma ilipokuwa nyingi, aliamrisha iandikwe diwani, kila jina na fungu lake. Masahaba hawakuona kuandikwa kuwa ni fedheha. Na Mtume wetu (S.A.W.), Ibnul-Lutbiyya aliporejea na zaka akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi, hakumnong'oneza chemba; alipanda mimbari akalisema jambo lile mbele ya watu.

Tutazame ya mwaka 2018. Serikali ilikuwa ikinunua mahindi kwa shilingi 3,200 gunia la kilo 90, bei iliyokusudiwa kumfaa mkulima. Wakulima wa Trans Nzoia na jirani zao wakapanga foleni maghalani, na wengi wakakaa miezi bila ya malipo, ilhali wafanya biashara wachache wamekwisha kulipwa mamilioni. Seneti ikaunda kamati ya uchunguzi. Orodha ya waliolipwa ilipotoka, mkulima aliweza kuuliza: fulani huyu, shamba lake li wapi? Swali hilo mkaguzi wa Nairobi hawezi kuliuliza, kwani yeye aona jina na hesabu tu. Jirani ajua nani ana ekari mbili, nani hana hata moja, na nani amekwisha kufa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 35, imempa raia haki ya kupata khabari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya 2016 ikafuata. Ni jambo jema. Lakini mjane wa Bungoma hataandika barua Nairobi; yeye apita mbele ya ubao wa chifu.

Ama fedheha, mkulima yule si mwombaji. Amelipa fedha zake. Hata hivyo ana sitara yake, nayo ihifadhiwe. Nambari ya kitambulisho na ya simu zibaki ofisini. Jina, kijiji na magunia vitoke nje.