Mjumbe wa mji mbele ya wakubwa

Mara nyingi tunasikia kwamba gavana, au meya, au wabunge wa jimbo wamepanda ndege kwenda Kinshasa kuuombea mji wao barabara, maji au umeme. Wengine husema: Wamekwenda kutembea tu. Wengine husema: Akirudi mikono mitupu, si mkubwa wa kweli. Sisi Wakristu tujiulize neno lingine: Je, ni haki mtu kuuombea mji wake, naye anajua kwamba miji mingine pia ina shida?

Kwanza tutazame mambo yalivyo. Kalemie iko mbali na Kinshasa zaidi ya kilometa 1,500. Mji huo umejengwa pale mto Lukuga unapotoka katika ziwa Tanganyika, na Lukuga ndio mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa hilo. Ziwa likijaa, maji huingia katika nyumba za kando. Tena kipindupindu kimezoea kurudi huko, maana wengi hawana maji safi. Anayekaa ofisini Kinshasa hayaoni hayo. Yafaa mtu aende amweleze. Kuwasemea wanaoteseka si kosa. Aliyewekwa kuwasemea akinyamaza, hilo ndilo kosa.

Lakini kuna jambo la pili. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 175, inasema kwamba 40 kwa mia ya mapato ya taifa ni ya majimbo, nayo izuiliwe kule kule yanakopatikana. Kifungu cha 181 kinaweka sanduku la kusawazisha, lenye 10 kwa mia, ili majimbo yaliyobaki nyuma yasaidiwe. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini desturi imekuwa feza kupanda kwanza Kinshasa, na majimbo kungoja irudi. Hapo ubaya unazaliwa: kilicho haki kinageuka kuwa zawadi, na mwenye haki anageuka kuwa mwombaji. Mji wenye mtoto wake karibu na wakubwa unasikiwa. Mji usio na mtu unasahauliwa. Na mwombaji aliyechoka kungoja mlangoni hujaribiwa kupenyeza bahasha.

Baba Mtakatifu Pio XI, katika barua yake Quadragesimo anno ya mwaka 1931, alifundisha kwamba kazi ambayo jamii ndogo inaweza kuitimiza, jamii kubwa isiinyang'anye. Basi mjumbe mwema haombi huruma tu. Anadai pia sheria ifuatwe, kwa mji wake na kwa miji yote. Akidai hivyo, jirani naye anapata faida. Lakini akijipatia mashine ya barabara iliyokuwa imeahidiwa watu wa Manono au wa Kongolo, huo si ushindi, ni wizi wenye barua na muhuri.

Katika Maandiko Matakatifu tunamwona Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka, alilia, akafunga, akasali. Halafu akasema na mfalme. Aliomba vitu vinavyojulikana: ruhusa ya kwenda, barua kwa maliwali wa njiani, na miti ya kujengea. Alipofika, alizunguka usiku akazikagua kuta kwa macho yake. Na kwa muda wa miaka 12 hakula posho ya uliwali, kwa kuwa watu walikuwa wamelemewa na mzigo.

Hapo tunapata kipimo. Mjumbe anayekwenda Kinshasa, je, amepita kwanza katika mitaa yenye maji na matope, akasikiliza akina mama wanaochota ziwani? Je, anajua hesabu ya kile anachoomba? Je, feza ya safari yake haizidi faida atakayoleta? Na akirudi, atatuambia wazi alichopewa na alichokataliwa?

Nasi tunaobaki nyumbani tuna wajibu wetu. Watu wa Yerusalemu hawakumngoja Nehemia ajenge peke yake. Wengi walijenga kila mtu mbele ya nyumba yake. Mtaro ulioziba takataka zetu hauhitaji ndege ya Kinshasa. Tuuzibue Jumamosi hii. Kisha, mjumbe akirudi, twende tumsalimu kwa heshima, na kwa heshima ile ile tumwulize hesabu.