Basi Kuukuu Halitupwi
Vijana wetu hapa Kipevu huacha matatu tatu zipite, wakingoja nganya yenye michoro. Kule London wapo wanaopenda kinyume: basi kuukuu la ghorofa, Routemaster. Lilianza kubeba abiria 1956, likaondolewa kwenye huduma ya kawaida 2005, lakini wapenzi wake bado wanaling'arisha na kulipanda kwa shangwe.

Mimi nilisomea biashara. Gari likichakaa, tunalifuta vitabuni. Nakiri, hata watu nimewahesabu hivyo: mama yetu mmoja mzee hawezi tena kuja ibadani, na miezi mitatu sijamtembelea. Isaya 46:4 imenishtaki. Mungu hamwachi mtu kwa sababu ya mvi. Jumapili hii tukimaliza ibada naenda kwake. Nani twende naye?