Jenga Ukingo Juu ya Dari Yako

Ndugu zangu wa Lubumbashi, wa Katuba na Kenya, wa Ruashi na Kampemba, na ninyi manseba hasa, mnaosoma karatasi hii mmekalia pikipiki mkingoja mteja: nimeona mnachotazama kwenye simu. Pikipiki isiyo na magurudumu inapaa, mpandaji ameinama mbele kama mtu wa mashindano, na chini yake magari yamesongamana hayasogei. Mnapeana simu, mnacheka, mnaapa: ikifika hapa, mimi ndiye wa kwanza!

Tamaa hiyo siilaumu. Mtu aliyekwama barabara ya Kasenga saa kumi na moja jioni, vumbi la Agosti kooni na mteja akinung'unika mgongoni, ana haki ya kutazama juu. Daudi naye, moyo ulipomlemea, alitamani mabawa ya njiwa. Kuruka si dhambi. Dhambi ipo mahali pengine, na leo nitaitaja bila kuizungusha.

Fungueni Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8. Musa anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, kwa maana mtu akianguka kutoka huko, nyumba ile itabeba hatia ya damu. Watu wa nchi ile walilala darini, walisali darini, na Musa aliwaacha wapande. Ila mwenye nyumba alipaswa kumfikiria anayeanguka kabla hajaanguka.

Sasa niambieni, ukingo wa pikipiki ya angani uko wapi? Ndege ina mabawa. Injini ikizimika, rubani hodari bado anaweza kuiteremsha polepole mpaka chini. Pikipiki hizi nyingi zinabebwa na rafadha tu, nazo zikisimama hakuna kinachokushika. Kutoka mita 30, kimo cha jengo la ghorofa kumi, unafika chini kwa sekunde mbili na nusu hivi, kwa kasi ya karibu kilomita 87 kwa saa. Parachuti inataka kimo na muda ili ifunguke. Pale huna vyote viwili.

Mwaka 2020, huko Dubai, pikipiki ya kuruka ya kampuni ya Hoversurf ilianguka kutoka kama kimo hicho. Mashine ikavunjika, rubani akanusurika. Usimjaribu Mungu kwa kunitajia huyo! Katika mji huohuo, tarehe 17 Novemba mwaka uleule, Vincent Reffet, Mfaransa aliyeruka na bawa la jeti mgongoni, bingwa wa parachuti, alikufa mazoezini. Na wewe uliyejifunza pikipiki kwa siku mbili kwenye uwanja wa mpira utasemaje?

Bei nayo isikieni. Wajapani wa A.L.I. Technologies walipeleka mashine yao, Xturismo, kwenye maonyesho ya magari ya Detroit mwaka 2022: dola 777,000 kwa dakika 40 za kukaa hewani. Mwanzoni mwa 2024 kampuni yenyewe ilikuwa imefilisika. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dubai, rafadha zitahangaika zaidi kuibeba mashine ileile. Kuna ngurumo za Desemba. Kuna nyaya kila kona. (Na betri utaichaji lini, kwa umeme huu wa SNEL unaorudi watu wamelala?)

Hata hivyo zitakuja, kama simu zilivyokuja, na wenye fedha watazipanda kwanza. Wakubwa wa mji, andikeni sheria mapema! Marekani inaruhusu chombo chepesi cha mtu mmoja kirushwe bila leseni, lakini inakataza kukipitisha juu ya makazi yenye msongamano. Mama anayeuza unga pale soko la Kenya hakuomba kuangukiwa.

Nami nina neno jingine lenye uchungu. Kobalti iliyomo katika betri nyingi za lithiamu imetoka kwetu, upande wa Kolwezi na Likasi, na sehemu yake imechimbwa na vijana walioshuka shimoni bila kofia ya kazi. Mwenzao wa mbali akiruka juu, wao wako chini. Shimo lile nalo halina ukingo, na damu yake iko juu ya nyumba za wengi!

Kumbukeni Mathayo 4. Shetani alimsimamisha Bwana kwenye kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, malaika watamdaka. Alikuwa na Maandiko mdomoni, huyo mwongo! Bwana akakataa kuruka. Manseba wangu, uliyeandika jina la Yesu kwenye kioo cha pikipiki, ukaacha kaske ya kichwani nyumbani, ukapakia abiria wawili na mtoto katikati: umesimama juu ya kinara kilekile. Teremka!

Na wewe baba mwenye pikipiki, unayengoja malipo yako kila jioni bila kukosa hata faranga moja, kijana wako amevaa nini kichwani? Breki uliziangalia lini? Mama uliyepanda nyuma na mtoto mgongoni, mbona unamhimiza aongeze mwendo? Hata sisi wachungaji tuna deni. Tumebariki pikipiki ngapi mbele ya madhabahu, tukazipaka mafuta, tukapokea sadaka, na hatukuinama kutazama tairi?

Kwa hiyo Jumapili hii baraka ya pikipiki itaanzia nje, uani. Fundi atapima breki, taa na tairi kabla sijafungua kinywa. Mwenye kaske mbili, yake na ya abiria, apite mbele. Mwenye moja, au asiye nayo, arudi akamlete mwenye pikipiki, aje na fedha za Jumamosi anunue kaske.